Mkono wa Shoto

Mwezi wa saba huu faili lako liko Unguja.
Wete walilipokea, wakaligonga muhuri, wakalivusha maji,
na siye tukapewa kijikaratasi cha waridi
ambacho umekitia ndani ya mfuko wa nailoni
kama mtu anayehifadhi jino la mtoto.

"Akitoka nje ya nchi, ombi limekufa,"
alisema Bi Mwanakhamis wa dirisha la pili.
Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anamenya chungwa,
akatukatia na siye kipande.
"Ataanza mwanzo. Picha, alama za vidole, ada."
Jioni yake simu kutoka Anzuwani:
mama hali tena,
mama anamwita kila anayepita kwa jina lako.

Usiku ule hukulala wala hukulia.
Ulitoka uani ukawasha mashine ya kuchomelea,
saa nane, majirani wakilalama,
nami nikakutazama kwa ule mwanga wa buluu
unaokuja na kukatika:
una uso, huna uso, una uso.

Nikakwambia, nitakwenda mimi.
Ukacheka. Ukasema, humjui.
Nikasema, na wewe ulikuwa humjui mama yangu
siku ulipombeba mgongoni mpaka hospitali,
viatu vyake umeviuma kwa meno.

Basi mambo yamegeuka, Mmadi.
Mgeni anabaki na funguo za nyumba yangu,
mwenyeji anakwenda kupiga hodi kwa mama wa mgeni.
Kuku wa jirani wakiingia usiwatupie mawe,
gonga kopo, wanalijua.
Maji yanatoka alfajiri tu.
Mjomba Faki akija kukuuliza utaondoka lini
mpe chai. Anauliza hivyo tangu tuoane,
na hajawahi kuacha tone kikombeni.

Uwanja wa ndege, Chake. Saa mbili asubuhi.
Mzigo uko mizanini, simu inalia.
Ni wewe, unahema: Unguja wamepiga,
wanataka cheti cha ndoa, chenyewe, si kivuli,
leo, Wete, kabla ya saa sita.
Na cheti ninacho mimi, ndani ya mkoba.
Nilikichukua ili nikifika kwenu
nisije nikawa mwanamke tu aliyeshuka na begi.

Niseme kweli: niliukumbatia mkoba.
Nikapiga hesabu za mchoyo, moja, mbili, tatu,
watu nyuma yangu wakisema dada, songa.
Kisha nikatoka mbio kumwahi Hamadi Kombo
aliyenileta, gari ameshaiwasha,
nikampa ndoa yangu kupitia dirishani,
nikamwambia, usiikunje.

Kwa hiyo ninakwenda kwenu bila ya karatasi yetu.

Afisa akafungua begi, akatoa kile chetezo
ulichokiunga usiku ule
kwa mabaki ya geti la Maalim Shaame.
"Nini hiki?"
Chetezo.
"Kizito."
Naam, kizito.
Akakigeuza mara mbili, akakirudisha baina ya nguo.

Hakuona. Ataonaje?
Mshono wako wa moto hulalia ubavu wa pili,
si kama wa mafundi wengine,
kwa sababu ya mkono ule ule ambao mama yako,
ulinihadithia mara moja tu, taa imezimika,
alikuwa akiufunga kitambaa wakati wa kula
ili ujifunze adabu za kuume,
na usiku akija mwenyewe kuufungua,
akidhani umelala, akiubusu.

Sitaanza kwa jina langu.
Nitamwekea mapajani, chuma kingali baridi,
nikae kimya,
nimwache apapase.